Nyumba ya Ufuoni Upande wa Uganda: Mkazi wa Busia Anaweza Kununua Nini?

Kutoka Port Victoria, Majanji iko ng'ambo tu ya Ghuba ya Berkeley. Wavuvi wanajuana, wachuuzi wa omena wanajuana, na familia nyingi za Samia na Bunyala zina shangazi au binamu aliyeolewa au kuoa upande wa pili. Basi mkazi aliyefanikiwa katika biashara ya samaki, au yule ambaye watoto wake wako ughaibuni na wanatuma pesa, huangalia ufuo wa Uganda na kuanza kupiga hesabu: nyumba kubwa ya mapumziko, baraza inayotazama ziwa, bustani, labda vyumba vya wageni vya kukodisha. Broka naye humwambia ploti ipo, mwenyewe ni mtu wa ukoo, na mwenyekiti wa LC1 yuko tayari kutia sahihi leo jioni.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mkazi huyo anapaswa kujua jambo moja. Mkenya akivuka mpaka kununua ardhi Uganda, yeye ni mgeni kisheria, hata kama babu yake alizaliwa Majanji na lugha ya nyumbani ni ile ile. Na mgeni hawezi kuwa mwenye ardhi Uganda. Anaweza tu kuikodisha kwa muda mrefu, kwa mkataba ambao mawakili wa pande zote mbili huuita lizi.

Msingi wake ni Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 237. Kifungu hicho kinasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, na asiye raia anaweza kupata lizi kwa masharti ya sheria zilizowekwa na Bunge. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikafafanua: lizi ya mgeni haiwezi kuzidi miaka 99, lizi ya miaka mitano au zaidi ni lazima isajiliwe, na mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi ya umiliki wa kudumu wala ile ya mailo. Kampuni inayodhibitiwa na wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni.

Wapo wanaosema kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimaliza mambo haya. Haikuyamaliza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaturuhusu kusafiri, kufanya kazi na kufungua biashara katika nchi wanachama. Lakini kifungu chake cha 15 kinasema wazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi utaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Nchi zetu zilipokubaliana kuhusu bidhaa na watu, ardhi waliiacha nyumbani. Kitambulisho kinachokuvusha pale Busia au Malaba hakikupi haki ya shamba.

Wala Uganda haituonei. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, inamwekea mgeni kikomo hicho hicho cha lizi isiyozidi miaka 99, na mkataba wowote unaomwandikia mgeni muda mrefu zaidi huhesabiwa kuwa wa miaka 99. Isitoshe, kwetu shamba la kilimo haliwezi kuhamishiwa mgeni kwa njia ya kawaida ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Kwa hivyo Mganda anayenunua shamba Funyula kwa mkataba wa kienyeji yuko hatarini sawasawa na Mkenya anayenunua Majanji. Hata nchi tajiri zina uzio wa aina hii: Uswisi ina sheria tangu 1983 inayowabana wageni wanaotaka nyumba za mapumziko milimani.

Ardhi ya aina gani unaonyeshwa?

Uganda ina aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo, na wa lizi. Broka mara nyingi hazitaji, lakini swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa hilo.

Katika wilaya zinazopakana nasi, sehemu kubwa ya ardhi ni ya kimila. Ni ya ukoo au familia, mipaka yake ni mti wa mwarobaini na kaburi la babu, na hati hakuna. Muuzaji huandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa LC1 anapiga mhuri, mashahidi wanatia vidole gumba. Karatasi hiyo inaweza kusaidia raia wa Uganda kuthibitisha kwamba alinunua kwa jirani yake. Wewe haikupi kile sheria inachokuruhusu kuwa nacho, yaani lizi iliyosajiliwa. Ili upate lizi ya aina hiyo, ardhi lazima kwanza iwe na hati. Mwenyewe hupeleka ombi kwa kamati ya ardhi ya eneo, kamati inakagua na kusikiliza majirani, bodi ya ardhi ya wilaya inaamua, mpimaji anapima, kisha hati inatoka kwa jina lake yeye. Baada ya hapo ndipo anaweza kukukodishia. Ni kazi ya miezi mingi, na mwenyewe ndiye anayepaswa kuikamilisha kabla hujalipa bei yote.

Ukienda mbali zaidi, kuelekea Mukono, Entebbe au kando ya Kampala ambako nyumba za kifahari ni nyingi, utakutana na mailo. Mfumo huu ulitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Shida yake kwa mgeni ni kwamba juu ya ardhi moja kunaweza kuwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati, na mkaaji mwenye kibanja ambaye sheria inamlinda asifukuzwe. Ukikodisha kwa mwenye hati bila kuwaangalia wenye vibanja, umejinunulia ugomvi. Ukinunua kibanja chenyewe, umenunua kitu ambacho sheria haimruhusu mgeni kuwa nacho.

Kuna pia lizi zinazotolewa na bodi za ardhi za wilaya. Hizi ni halali, lakini soma muda wake vizuri. Kwa kawaida bodi hutoa kwanza kipindi cha majaribio cha miaka mitano, pamoja na sharti la kujenga. Ukikamilisha ujenzi, muda huongezwa, mara nyingi kuwa miaka 49. Usipokamilisha, hakuna cha kuongeza. Mtu anayejenga kidogokidogo kwa pesa za msimu wa samaki ajiulize kama ataweza kuezeka nyumba kubwa kwa miaka mitano.

Jina la shemeji

Tukija kwenye njia ambayo wakazi wengi huiona kuwa ya mkato, tutakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoweza kuvunja familia.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Port Victoria ambaye dada yake ameolewa Uganda. Anaambiwa, "Wewe ni mgeni, lakini shemeji yako ni raia. Nunua kwa jina lake, nyumba itakuwa yako." Shemeji ni mtu mwema, wamekula pamoja miaka 20, hakuna anayeshuku. Nyumba inajengwa. Kila mtu kijijini anajua ni ya nani.

Sajili ya ardhi haijui. Kwenye sajili mwenye mali ni shemeji, na hati ndiyo ushahidi ambao benki na mahakama hutazama. Shemeji akikopa na kuweka hati hiyo dhamana, benki haitamuuliza aliyenunua saruji. Akidaiwa, mali inaweza kuuzwa. Akifariki, nyumba inaingia katika mirathi yake, na wanaorithi ni mjane wake na watoto wake, pengine na watoto wa nyumba nyingine ambao mnunuzi hakuwahi kuwaona. Hata dada akitaka kumtetea kaka yake, atakuwa anapigania kuwanyima watoto wake mwenyewe. Ndoa ikivunjika, hali ni mbaya zaidi.

Je, wakiandikiana barua ya siri kwamba shemeji ni mshikaji tu? Barua hiyo inaonyesha kwamba wawili hao walipanga kuizunguka sheria inayomkataza mgeni kumiliki. Mahakama hazipendi kumsaidia mtu anayekuja na makubaliano ya namna hiyo mkononi. Mtu anaweza kupoteza nyumba, pesa na undugu kwa mpigo mmoja, na hana pa kushtaki.

Mbinu ya kampuni haina tofauti kubwa. Ukimpa raia wa Uganda hisa nyingi ili kampuni iwe ya wenyeji, basi yeye ndiye mwenye kauli. Ukibaki na udhibiti wewe, kampuni ni ya mgeni, na umerudi kwenye lizi ile ile ambayo ungeipata kwa jina lako.

Ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote: kitambulisho cha Uganda kilichopatikana kwa kudanganya mahali pa kuzaliwa. Hilo ni kosa la jinai, na mali iliyonunuliwa kwa kitambulisho hicho inasimama juu ya uongo huo huo.

Lakini babu yangu alikuwa Mganda

Swali hili ni la haki hapa kwetu kuliko popote. Hadi 1902 eneo letu lote lilikuwa sehemu ya Uganda, ndipo Waingereza wakahamisha mkoa wa mashariki na kuuunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia waligawanywa, Waiteso wakagawanywa. Katiba ya Uganda yenyewe inawataja Basamia, Bagwe na Iteso katika orodha ya jamii za asili za nchi hiyo zilizokuwemo kufikia tarehe 1 Februari 1926.

Hata hivyo kuwa Msamia peke yake hakutoshi. Kwa mtu aliyezaliwa Kenya, Katiba hiyo inatambua uraia wa kuzaliwa ikiwa mzazi au babu au bibi yake mmoja alikuwa raia wa Uganda kwa kuzaliwa wakati yeye anazaliwa. Aliyezaliwa ndani ya Uganda ana mlango mwingine, kupitia mzazi au babu aliye wa mojawapo ya jamii hizo. Mtu mwenye ushahidi wa kweli, kama vyeti vya kuzaliwa, kumbukumbu za kanisa au shule, na viapo vya wazee, anaweza kupeleka madai yake kwa idara ya uraia na uhamiaji mjini Kampala. Akikubaliwa, anaruhusiwa kumiliki ardhi kama raia mwingine yeyote.

Kenya tangu 2010 haimnyang'anyi uraia aliyezaliwa Mkenya akichukua uraia mwingine. Ila sheria yetu ya uraia ya 2011 inamtaka atangaze uraia huo wa pili ndani ya miezi mitatu. Na maafisa wa serikali waliotajwa na Katiba, wakiwemo wawakilishi wa wadi, hawaruhusiwi kuwa na uraia pacha wakiwa ofisini. Mwenye ndoto ya kugombea na ndoto ya nyumba ya Majanji ajue zinaweza kugongana.

Mke Mkenya aliyeolewa Uganda naye asidhani ndoa humpa uraia papo hapo. Kuna muda wa kungoja na maombi ya kuwasilisha. Kabla ya hapo, hati ya nyumba wanayojenga pamoja itaandikwa jina la mume, kwa hivyo ni vyema ahifadhi risiti za kila alichochangia.

Ukiamua kufuata njia halali

Lizi si kitu cha kudharau. Miaka 99, au hata 49, inatosha kujenga, kuishi, kukodisha vyumba na kuwaachia watoto. Tatizo ni kuipata ikiwa safi.

Anza na wakili mwenye leseni ya kufanya kazi Uganda. Wakili wako wa Busia au Kisumu anaweza kukushauri, lakini hati za Uganda zitashughulikiwa na wakili wa Uganda. Mtafute mwenyewe, yule anayeletwa na broka ni wa broka. Wakili atafanya uchunguzi wa hati katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi ya Uganda. Ofisi hizo ziko Tororo na Jinja miongoni mwa miji mingine, na ni lazima iwe ile inayoshughulikia wilaya ya ploti yako. Uchunguzi huonyesha jina la mwenyewe, mkopo kama upo, na pingamizi lililowekwa na mtu mwingine. Nakala ya hati iliyopigwa picha kwa simu haichukui nafasi ya uchunguzi huo.

Baada ya makaratasi, nenda shambani na mpimaji aliyesajiliwa afungue mipaka. Hapa angalia vipimo. Kwa Uganda utasikia ploti ikitajwa kwa desimali, na desimali moja ni sehemu moja ya mia ya ekari. Ploti tuliyoizoea ya futi 50 kwa 100 ni kama desimali 11 na nusu. Ukiambiwa desimali 10 usidhani unapewa zaidi. Bei nayo itatajwa kwa shilingi za Uganda, na mamilioni yake yanaweza kumchanganya mtu. Badilisha kwa kiwango cha siku hiyo kabla ya kusema ndiyo.

Ongea na majirani bila broka kuwepo. Waulize nani analima pale, nani amezikwa pale, na kama kuna kesi. Ikiwa familia ya mwenye ardhi inaishi juu ya ardhi hiyo au inaitegemea kwa chakula, sheria ya Uganda inadai idhini ya mke au mume wake, na bila idhini hiyo mkataba hauna nguvu. Tungeshauri mke huyo aonekane kwa macho mbele ya wakili, badala ya sahihi yake kuletwa na mume kwenye karatasi.

Sasa ufuo wenyewe. Nyumba ya kutazama ziwa ndiyo inayouzwa ghali, na ndiyo yenye mtego. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka maji ya Ziwa Victoria. Maziwa, mito na ardhi oevu vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, na Uganda imekuwa ikifuta hati zilizotolewa ndani ya ardhi oevu baada ya 1995. Kwa hivyo ploti inayoteremka hadi kwenye mafunjo inaweza kuwa na hati nzuri na bado usiruhusiwe kujenga. Mkazi wa Bunyala hahitaji kufundishwa kuhusu maji: mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango kisichokuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na nyumba za ufuoni za pande zote mbili zikaingiliwa. Nyumba iliyo juu kidogo kwenye mteremko hutazama ziwa lile lile.

Mkataba wa lizi uandike muda, kodi ya kila mwaka na jinsi inavyoweza kupanda, matumizi yanayoruhusiwa, kama unaweza kumhamishia mtu mwingine, na nini kitatokea kwa nyumba muda ukiisha. Hilo la mwisho lisipoandikwa, kwa kawaida jengo hubaki na mwenye ardhi. Kama unapanga kukodisha vyumba kwa wageni, neno "makazi" pekee kwenye mkataba halitoshi. Halafu kuna ushuru wa stempu, ambao hukokotolewa kwa thamani iliyopitishwa na mthamini wa serikali. Kuandika bei ya chini kwenye mkataba hakusaidii, na ukija kudai pesa zako mahakamani utaambiwa ulilipa hicho ulichoandika.

Lipa kupitia benki, kwa akaunti ya mwenye ardhi au ya wakili, na usilipe yote kabla ya usajili. Kuvuka na gunia la noti si busara kwa usalama wako, na kisheria anayevuka mpaka wa Kenya na pesa taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani au zaidi anapaswa kuzitangaza kwa forodha.

Lizi pia si kibali cha ukaazi. Tangu 2014 unaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho, lakini kuhamia huko au kuendesha biashara kunafuata taratibu za uhamiaji.

Wanaofikiria mbali zaidi kuliko Uganda wakumbuke kwamba kila nchi ina milango yake. Tanzania bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 humruhusu mgeni kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa hivyo nyumba ya starehe peke yake haitoshi kuwa sababu. Zanzibar huruhusu wageni kununua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji, ZIPA. Dubai, ambako vijana wetu wengi wanafanya kazi, humruhusu mgeni kumiliki kabisa, lakini katika maeneo yaliyotengwa tu.

Jambo la mwisho ni la familia. Mwenye lizi akifariki, miaka iliyosalia huenda kwa warithi wake, lakini hati ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama ya Kenya haitumiki Uganda moja kwa moja. Hupelekwa kwanza Mahakama Kuu ya Uganda ipigwe mhuri wa kutambuliwa. Warithi watahitaji hati halisi ya lizi, risiti za kodi na jina la wakili. Mke au mume na angalau mtoto mmoja mkubwa wajue zilipo karatasi hizo, na nakala zake ziwekwe upande huu wa mpaka.